Jina Lililokosekana Mezani

Mtu mmoja alikuwa na mke, mwana na binti, na nyumba nzuri ya matofali upande wa juu wa Tukuyu, mahali ambapo mvua haichoki. Jina lake Anyimike. Alikuwa fundi seremala, na meza zake zilisifiwa kila mahali kwa sababu hazikuyumba wala hazikupinda. Hata Meza ya Bwana iliyokuwa kanisani kwao aliitengeneza yeye. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na Jumapili alipoinuka kuomba, watu waliokuwa wakikohoa walijizuia mpaka amalize.

Zamani watu walimwita Baba Gwamaka, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na mkewe Subilaga walimwita Mama Gwamaka. Kisha Gwamaka alipokuwa kijana alimpa mimba binti mmoja wa kijiji kile kabla ya ndoa, na shauri likaletwa mbele ya wazee. Kwa desturi ya kanisa lile, mtu wa namna hiyo alitengwa kwa muda, na jina lake lilitangazwa mbele ya washarika. Mchungaji alimwambia Anyimike akae, mzee mwingine atangaze. Anyimike alikataa. Alisimama yeye mwenyewe akalitangaza jina la mwanawe, na sauti yake haikutetemeka. Baada ya ibada watu walimshika mkono wakamsifu kwa msimamo wake. Alasiri ile alimwambia Gwamaka, "Umelichafua jina langu. Nenda ukaishi mahali ambapo halijulikani." Kijana alimchukua yule binti, wakaondoka.

Tangu hapo jina la Gwamaka halikusemwa tena ndani ya nyumba. Mama alijaribu mara moja. Walikuwa mezani, wameinamisha vichwa, na ilipofika zamu yake ya kuomba alisema, "Bwana, umlinde mwanetu Gwamaka." Anyimike aliinuka, akachukua sahani yake, akaenda kula karakanani. Kesho yake alikwenda tena. Mama na binti yao mdogo, Tumpe, wakazoea kula jikoni karibu na moto. Meza ya sebuleni ikabaki bila kazi, na vitu visivyo na mahali pake vikaanza kuwekwa juu yake: makopo ya vanishi, vipande vya mbao, magunia matupu. Sala ya jioni hakuna aliyeifuta. Ilikosa tu mahali pa kufanyikia. Majirani nao walianza kuona haya kusema Baba Gwamaka, wakasema Mzee wa Kanisa. Mama akawa Mama Tumpe. Na kila Jumapili wote watatu waliteremka kanisani wamevaa vizuri, wakifuatana, na aliyewaona njiani alisema, hiyo ndiyo familia.

Tumpe alipofika kidato cha pili, kanisa liliandaa kambi ya vijana katika likizo ya mwezi wa sita. Aliyeitetea hoja hiyo kwenye baraza la wazee alikuwa Anyimike. Alisema vijana wanapotea kwa sababu hawapati mahali pa kufundishwa imani. Wazee wote walikubaliana naye, na binti yake akawa wa kwanza kuandikishwa.

Kambi ilifanyika katika shule iliyofungwa kwa likizo, juu ya kilima chenye ubaridi mkali. Aliyeiongoza aliitwa Mwalimu Sekela, mama mjane aliyefundisha shule ya msingi, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Vijana walilala madarasani juu ya magodoro, wakateka maji wenyewe, wakamenya viazi, wakasoma Biblia asubuhi ukungu ukiwa bado umeshika madirisha. Tumpe aligundua kwamba ana sauti ya pili ya kwaya, na kwamba anapoimba katikati ya wenzake kitu kilichokuwa kimemkaba kifuani kinalegea. Alicheka sana. Alilala bila kusikiliza kama kuna mlango unaofungwa kwa hasira.

Pale kambini kila kundi lilikula kwenye mkeka mmoja. Kabla ya kula, kila mmoja alimtaja mtu mmoja wa nyumbani kwao, na kundi zima lilimwombea. Tumpe alianza na mama yake, akaja baba yake, kisha bibi yake aliyeumwa miguu, kisha shangazi zake. Watu wakamwishia. Mchana mmoja ilipofika zamu yake alifungua mdomo kumtaja kaka yake, na sauti haikutoka. Wenzake walisubiri. Aliinuka akaenda nyuma ya jiko, kwenye mabeseni ya kuoshea vyombo, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Mwalimu Sekela alimfuata na rundo la sahani. Walisugua pamoja mpaka Tumpe mwenyewe akaanza kueleza. Alieleza yote: kanisani, karakanani, jikoni. Mwalimu hakumshauri neno. Aliuliza tu, "Anaitwa nani?"

"Nani, Mwalimu?"

"Kaka yako."

Tumpe aligeuka nyuma, kana kwamba baba yake angetokea kwenye kona ya jengo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Gwamaka."

"Gwamaka," alirudia Mwalimu. "Leo tumemtaja wawili."

Siku ya kufunga kambi vijana wengi walilia. Walisema wangependa kubaki pale siku zote. Mwalimu Sekela aliwakusanya uwanjani akawaambia hivi: "Hapa kuomba ni rahisi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuwaumiza. Nendeni nyumbani. Msiende kuwahubiria wazazi wenu. Kila mmoja aanze jambo moja tu dogo, na asiliache."

Tumpe alichagua jambo lake akiwa bado njiani. Jioni alipofika, mama alipokuwa akipakua, alimwendea baba yake akapiga magoti kidogo, kama alivyofunzwa, akasema, "Baba, kambini tulikuwa tunakula pamoja. Naomba na sisi tule pamoja."

Anyimike alimpenda binti yake, na hakumkaripia. Alimtazama kwa upole akasema, "Kambi ni kambi, mwanangu. Hapa ni nyumbani." Akachukua sahani yake akatoka.

Kesho yake Tumpe alitoa makopo na mbao juu ya meza ya sebuleni, akaipangusa, akatandika kitambaa. Jioni baba yake aliiona, akapita. Asubuhi iliyofuata alileta mlango mpya aliokuwa akiutengeneza kwa ajili ya mteja, akaulaza juu ya ile meza ili aupake vanishi kwa nafasi. Mlango ule ulikuwa mzito, na Tumpe peke yake hakuweza kuuinua. Basi akawa anaketi kando yake wakati wa kula, sahani mapajani, akiomba kwa sauti ya kunong'ona, huku mama akimtazama kutoka jikoni. Akafanya hivyo kwa muda. Kisha akaacha.

Akaacha na kuimba kanisani. Jumapili moja alisema kichwa kinamuuma. Jumapili iliyofuata alisema vilevile. Mama yake alimketisha kitandani akamuuliza ana nini hasa.

"Mama, kule walitudanganya," alisema Tumpe. "Au Baba ndiye anayetudanganya kila Jumapili. Sijui ni yupi, lakini wote wawili hawawezi kuwa wanasema kweli."

Subilaga alirudi jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke aliogopa kwamba atabaki hana mtoto hata mmoja wa kuomba naye.

Sasa, Mwalimu Sekela alikuwa na desturi yake. Alisema kambi haijafungwa mpaka amekula katika kila nyumba iliyomletea kijana. Wengine walimwona msumbufu. Alikwenda kwa miguu, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kutoa taarifa, na katika kuzunguka kwake ikafika zamu ya nyumba ya Anyimike. Ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa ikinyesha kweli kweli. Alisimama uani chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto darasani:

"Hodi! Hodi kwa Baba Gwamaka!"

Randa ilinyamaza karakanani. Jikoni mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Tumpe alitoka chumbani akasimama kwenye korido, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Anyimike alitokea mlangoni, maranda yamemshika kwenye shati.

"Karibu, Mwalimu. Lakini hapa watu hawaniiti hivyo."

"Nisamehe, Mzee. Mzaliwa wako wa kwanza anaitwa nani?"

Anyimike alitazama mvua. "Ingia ndani," alisema, "utalowa."

Mgeni akifika wakati wa chakula ni lazima ale, na mgeni wa heshima halishwi jikoni wala karakanani. Kwa hiyo ule mlango ulilazimika kuondolewa mezani. Anyimike alishika upande mmoja, Tumpe upande wa pili, wakautoa wakauegemeza ukutani. Mama akaleta ndizi, maharage na maziwa ya mgando. Wakaketi wote wanne. Mwalimu, kama adabu ilivyotaka, alimwachia mwenye nyumba aombe.

Anyimike aliomba kama alivyoomba kanisani. Aliwataja wagonjwa, wajane, viongozi wa nchi na wote walio safarini. Alipokuwa anakaribia mwisho, Tumpe alisema bila kufumbua macho, "Na kaka yangu Gwamaka."

Kiti kilisukumwa nyuma. Wote walisikia. Anyimike alikuwa ameinuka nusu, mkono wake tayari uko kwenye sahani. Mwalimu Sekela hakuinua kichwa. Mama naye hakuinua. Hakuna aliyemwomba abaki, na hakuna aliyemfungulia njia ya kutoka. Walibaki hivyo, vichwa chini, wakisubiri sala imalizwe na aliyeianza.

Anyimike akakaa. Akaiachia sahani.

"Mara ya mwisho kulitaja jina hilo," alisema, "nililitaja mbele ya watu kule kanisani. Sijui kulitaja kwa namna nyingine."

Ndipo Subilaga akasema, polepole, kama mtu anayefungua fundo, "Yuko Kyela. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Walifunga ndoa. Wana mtoto wa kiume."

"Wewe umejuaje?"

"Ulidhani kila msimu nashuka Kyela kufuata mchele tu?"

Anyimike alimtazama mkewe kana kwamba amemwona mgeni mwingine. "Mtoto anaitwa nani?" aliuliza.

"Hilo ukaulize mwenyewe."

Mwalimu alisema amina, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeisema, akaanza kula. Hakufundisha. Alisifu maharage, akauliza habari za ng'ombe, akaongeza maziwa mara mbili. Alipoaga alisema, "Ahsante kwa chakula, Baba Gwamaka," na safari hii hakusahihishwa.

Msidhani Anyimike aliondoka kesho yake. Alishindana na nafsi yake siku nyingi. Alijiambia kwamba alilolifanya lilikuwa halali, kwamba kanisa haliwezi kuendeshwa kwa huruma za wazazi. Alikula mezani, ni kweli, lakini alikula kama mtu anayekula ugenini. Tumpe aliomba kwa maneno machache kila jioni, akamtaja kaka yake, na baba yake hakutoka. Kisha asubuhi moja alivaa koti lake la Jumapili katikati ya wiki, akamwambia mkewe, "Ninashuka," akaenda kusubiri basi.

Kyela ni joto. Alifika kwenye mashine lile koti akiwa amelibeba begani. Mwanawe alikuwa amebeba gunia, amejaa pumba kichwani na kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka kabla ya wakati. Alimwona baba yake, akatua gunia.

"Shikamoo, Mzee," alisema. Hakusema Baba.

"Marahaba."

"Umekuja kuniambia kwamba kanisa limenifungulia mlango?"

"Hapana. Nimekuja kula."

Gwamaka alijifuta uso. "Kwangu hakuna meza, Mzee."

"Nitakaa chini."

Walikwenda nyumbani kwa Gwamaka, yule mzee akitembea hatua kadhaa nyuma ya mwanawe. Mkwewe alimsalimia ameinamisha macho, akatandika mkeka kivulini, akaleta wali na samaki. Anyimike akakaa chini kwa shida, kwa maana magoti yake hayakuwa ya ujana. Ndipo yule mama kijana akageukia nyuma ya nyumba akaita, "Anyimike! Wewe Anyimike! Njoo unawe mikono, kuna mgeni!"

Yule mzee alishtuka akaitika, "Naam."

Mtoto alikuja mbio, miguu imejaa matope, akasimama akimkodolea macho mtu aliyeitika jina lake. Anyimike alimgeukia mwanawe, hawezi kuuliza. Gwamaka alikuwa akitazama wali.

"Ulisema niende mahali ambapo jina lako halijulikani," alisema. "Niliona vibaya watu wa huku wasilijue."

Katika nyumba ile jina la baba lilikuwa likiitwa asubuhi na jioni, wakati wa kunawa na wakati wa kulala, kwa miaka yote ambayo jina la mwana lilikuwa limenyamaziwa katika nyumba ya baba. Anyimike alitakiwa kuombea chakula, akiwa ndiye mkubwa. Yeye aliyekuwa akiwanyamazisha washarika kwa sala zake, alifungua mdomo akasema, "Bwana, huyu ni mwanangu Gwamaka," na baada ya hapo hakuweza kuendelea. Wakala chakula kikiwa kimepoa.

Gwamaka hakurudi naye. Alisema atafikiri, na alifikiri kwa muda mrefu, na alikuwa na haki ya kufikiri. Krismasi aliwaleta mkewe na mtoto hadi stendi ya Tukuyu, akawakabidhi kwa mama yake, yeye akarudi Kyela. Ilikuwa Pasaka ya mwaka uliofuata ndipo alipofika mwenyewe, mchana, akagonga hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Baba yake aliwaambia wazee kwamba ataacha kiti cha wazee na kuketi kwenye mabenchi ya nyuma kwa muda, na alieleza sababu yake mbele ya washarika walewale waliomshika mkono siku ile. Wengine walinung'unika kwamba anadhoofisha nidhamu. Hakubishana nao.

Wala nyumba ile haikuwa kambi. Kuna jioni ambazo Anyimike alikuwa mkali bila sababu. Subilaga alichelewa kumsamehe ile miaka ambayo alimbeba mjukuu wake kwa siri, na kuna siku alikataa kuja mezani. Siku hizo mumewe alibeba sahani yake akaenda jikoni, akaketi kwenye kigoda kando ya mkewe, wakala bila kusemeshana, lakini pamoja. Tumpe alirudi kuimba. Haikuwa ile sauti ya kambini, nyepesi. Ilikuwa nzito zaidi, na yeye mwenyewe alimwambia Mwalimu Sekela kwamba anaipenda hii kuliko ile.

Ndugu zangu, watoto wetu waliondoka Jumatatu kwenda kambini. Niliwaona mkiwafungia mablanketi, mkiwapungia mikono, na wengine wenu mlishusha pumzi basi lilipopotea kwenye kona. Jumamosi watarudi, sauti zimewakauka kwa kuimba. Basi nawauliza, na mimi mwenyewe najiuliza pamoja nanyi: je, tumewapeleka kule wakamjue Mungu ili waje naye nyumbani, au tumewapeleka ili Mungu apate mahali pa kukaa mbali na nyumba zetu?